Sambaza, zawadi iliyokabidhiwa mikononi mwetu

Samaki tunaowaita sambaza hawana asili yao katika Ziwa Kivu. Hapo kale wavuvi walitegemea samaki wa karibu na ufuo, kwani maji ya katikati hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea humo. Kati ya 1958 na 1960, chini ya utawala wa Wabelgiji, vifaranga vya jamii mbili vilitolewa Ziwa Tanganyika na kumwagwa Kivu. Jamii moja tu ilistawi: ndiyo sambaza.

Mwaka 1979 mradi wa Umoja wa Mataifa ulianza Gisenyi kueneza uvuvi wa usiku. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa huwashwa, sambaza hufuata mwanga, na wavu huinuliwa kutoka chini. Leo, kutoka Goma hadi Idjwi na Bukavu, jamaa nyingi hulishwa na kazi hiyo.

Basi tumevuna tusichopanda. Anayevua kwa chandarua huwaondoa watoto wa samaki kabla hawajazaa. Anakula sehemu ya mdogo wake. Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa 2015, alionya juu ya uvuvi usio na kiasi. Lakini mara nyingi anayeshika chandarua ameshikwa na njaa. Tujiulize kikundini: tutalilindaje ziwa pamoja naye, wala si dhidi yake?