Tarikhi ya Kipimo cha Kuhara kwa Ndama

Mwaka 1885 tabibu Theodor Escherich, katika mji wa München, alieleza habari za kijidudu alichokiona katika choo cha watoto wachanga, nacho baadaye kikapewa jina lake, Escherichia coli. Tangu hapo mushkili ulikuwa mkubwa, maana kijidudu hicho hukaa bila madhara matumboni mwa wanyama wenye afya, ilhali baadhi ya jamaa zake huwaua ndama kwa kuhara katika siku zao za kwanza duniani. Na wote, wema kwa waovu, hufanana chini ya hadubini.

Njia ya kuwapambanua ilipatikana katika damu. Mwaka 1896, huko Vienna, Max Gruber na Herbert Durham walithibitisha kwamba maji ya damu ya mnyama aliyechanjwa kwa kijidudu fulani hukusanya vijidudu vya aina ile ile vikashikamana mabonge mabonge. Kingamwili zifanyazo kazi hiyo ndizo zilizomo katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Na mwaka 1922 Theobald Smith na Ralph Little, huko Marekani, walionyesha kwamba ndama walionyimwa dang'a hufa kwa wingi, na walioinywa husalimika.

Mwaka 1975 Frits na Ida Ørskov wa Copenhagen, pamoja na wenzao, walieleza K99, alama ya vinyweleo ambavyo kijidudu kiovu hujishikiza navyo katika utumbo wa ndama, kisha kikamwaga sumu yake. Mwaka uo huo, mjini Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walivumbua hila ya kuunganisha seli ya panya itoayo kingamwili na seli ya saratani isiyokoma kuzaana, wakapata kingamwili za aina moja tupu, kazi iliyowapatia tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kingamwili za namna hiyo zilipotiwa katika vipimo vya kugeuka rangi, ambavyo Eva Engvall na Peter Perlmann walikuwa wamevianzisha Stockholm mwaka 1971, kinyesi kidogo cha ndama kikatosha kumfichua adui.

Hata hivyo, kipimo humtambua adui aliyekwisha kuingia. Basi, ewe mfugaji, mchanje ng'ombe mwenye mimba dhidi ya K99, umnyweshe ndama dang'a katika saa zake za mwanzo, kwani baada ya siku moja utumbo wake haupitishi tena kingamwili hizo kuingia damuni. Na ndama aharaye umpe maji yenye chumvi na sukari bila kungoja majibu ya maabara.