Riwaya ya Makuzi, Si ya Malezi

Mwaka 2000 mwandishi wa Sweden, Mikael Niemi, alitoa riwaya iitwayo Populärmusik från Vittula, nayo ikatwaa Tuzo ya August ya mwaka huohuo. Kisa kinatokea miaka ya 1960 katika mji mdogo wa Pajala, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Finland. Msimulizi, Matti, na rafiki yake Niila, mvulana asiyependa kusema, wanapata sahani ya santuri ya Beatles iliyoletwa na jamaa waliotoka Marekani. Wanaisikiliza, na tangu siku hiyo hawataki kitu kingine ila bendi ya roki. Wahakiki huiweka riwaya hii katika kundi ambalo Wajerumani waliliita Bildungsroman. Kwa Kiswahili tuliite nini?

Neno hilo lilitumiwa na Karl Morgenstern, profesa wa Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia, katika mihadhara yake ya mwanzoni mwa karne ya 19. Baadaye mwanafalsafa Wilhelm Dilthey akalieneza. Mfano mkuu ulikuwa riwaya ya Goethe, Wilhelm Meisters Lehrjahre, iliyotoka mwaka 1795 na 1796: kijana wa familia ya wafanyabiashara anayevutwa na maigizo. Kumbe tangu zamani aina hii ya riwaya inamjua kijana anayelilia jukwaa. Bildung ni elimu, lakini si ile ya darasani peke yake. Ni mtu kuumbika mpaka akapata sura yake mwenyewe.

Kwa Kiswahili kuna maneno matatu yanayogombea nafasi hiyo: ukuaji, malezi na makuzi. Ukuaji naliondoa mapema. Uchumi hukua, mji hukua, na hakuna kati yao anayelala macho akijiuliza yeye ni nani.

Malezi ndilo linalovutia wengi, na hapo ndipo riwaya ya Niemi inapotusaidia kuona. Pajala ina walezi wa kutosha. Nyumbani kwa Niila kuna dini ya Walaestadia, uamsho mkali wa Kilutheri ulioanzishwa na mchungaji Lars Levi Laestadius, ambaye mwenyewe alihudumu Pajala katika karne ya 19. Shuleni kuna Kiswidi, wakati watu wa bonde la mto Torne wana lugha yao, Meänkieli, ambayo Sweden iliitambua kuwa lugha ya wachache mwaka 2000, mwaka uleule wa riwaya hii. Katika atlasi ya shule, mikoa ya kusini imechorwa kwa ukubwa, na kaskazini yao imebanwa kwa kipimo kidogo ili ienee kwenye ukurasa. Mtoto anafundishwa kwamba kwao ni padogo. Tena kuna wanaume wa mji na neno lao knapsu, yaani mambo ya kike yasiyomfaa dume. Kukata miti si knapsu. Kuosha vyombo ni knapsu. Je, kupiga roki? Wavulana wanalichukulia swali hili kwa uzito wote, na mimi naliona kuwa moyo wa kitabu.

Dini, shule na wanaume: hawa wote walilea, na hakuna aliyekusudia kulea mpiga gitaa. Tukisema riwaya ya malezi, tunawapa wakubwa kitabu ambacho watoto walikipigania.

Makuzi lina kua na kuza ndani yake: kile kinachotokea kwa mtoto chenyewe, na mkono wa anayekikuza, hata mkono huo ukiwa wa mtoto mwenyewe. Tanzania tayari inayatenganisha maneno haya rasmi, katika programu ya taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Kama wataalamu wa watoto wadogo wameona malezi na makuzi si kitu kimoja, wahakiki wa fasihi wana sababu gani ya kuyachanganya?

Jina hili linaenea vizuri kwa vitabu vyetu pia. Kongowea wa Siku Njema ya Ken Walibora, anayetoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba, yumo. Rashidi wa Kuli ya Adam Shafi yumo. Rosa Mistika ya Kezilahabi ningeiita riwaya ya malezi kwa haki kabisa, kwa sababu ukali wa baba yake Rosa, Zakaria, ndio unaowekwa kizimbani, na Rosa hakupewa nafasi ya kukua.

Makuzi yana sharti moja zaidi: msimulizi awe ameshakua. Niemi anaanza na Matti mtu mzima, akipanda milima ya Nepal, ndipo anaturudisha Pajala. Hamu ya zamani inayokijaza kitabu inatoka hapo, kwa mtu anayejua tayari kwamba mji ule hauko tena kama alivyouacha.

Natamani kuisoma riwaya ya makuzi juu ya Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili wa Tanga waliopitia bendi ya Jamhuri Jazz, kisha mwaka 1971 wakaunda bendi yao, Simba Wanyika, na kuvuma Kenya. Mwandishi wake atueleze gitaa la kwanza lilifikaje mikononi mwao, na nani nyumbani alilipinga.