Kodi ya nyumba ipimwe kwa siku za kazi

Nilipoajiriwa kwa mara ya kwanza jijini Dar es Salaam, kodi ya chumba nilichopata ilikuwa robo ya mshahara wangu. Nikajiona nina bahati. Kumbe mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Robo mara kumi na mbili ni mishahara ya miezi mitatu, nami sikuwa nimepokea hata wa kwanza. Nilikopa, na deni likanifuata hadi mkataba ukaisha.

Tangu hapo, watu wakibishana ni mji gani una nyumba rahisi, siulizi shilingi ngapi. Nauliza: katika mwezi, mpangaji anamfanyia kazi mwenye nyumba siku ngapi?

Tuanze na Vienna, mji mkuu wa Austria. Mwaka 1923 halmashauri ya mji iliweka ushuru maalumu wa kujengea nyumba. Wenye majumba ya fahari walitozwa sana, wenye vyumba vidogo walitozwa kidogo. Kufikia 1934 zilikuwa zimejengwa nyumba zaidi ya 60,000. Mfanyakazi alilipa kiasi cha asilimia 4 ya mshahara, yaani siku moja na ushei.

Nchini Marekani, sheria ya 1969 iliyopewa jina la Seneta Edward Brooke ilisema mpangaji wa nyumba za umma asilipe zaidi ya robo ya kipato chake. Mwaka 1981 kiwango kilipandishwa hadi asilimia 30: siku tisa.

Karibu na kwetu, mwaka 1939 vibarua wa Mombasa waligoma. Mji ulikuwa umefurika, kodi zimepanda, na mshahara ulikadiriwa kana kwamba kila kibarua ni kapera. Ni baada ya mgomo ndipo baadhi ya waajiri wakakubali kutoa posho ya nyumba.

Nasi Tanzania tuliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962. Lakini wapangaji wengi wa Dar es Salaam wamo katika nyumba za watu binafsi, na huko robo ya mshahara hugeuka mlima kwa sababu ya kudaiwa miezi sita au mwaka kwa pamoja.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Katika daftari letu tuandike hivi: mshahara ukilipwa kwa mwezi, kodi nayo idaiwe kwa mwezi. Hilo halihitaji tofali hata moja.