Utalii na miamba ya matumbawe

Miamba ya matumbawe inachukua chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini takriban robo ya aina zote za viumbe wa baharini hupata humo makazi au chakula. Pia huleta fedha. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa utalii unaotegemea miamba hiyo una thamani ya dola bilioni 36 za Marekani kwa mwaka. Katika pwani ya Kenya na Tanzania, kuanzia Watamu na Malindi hadi Kisite, Mnemba, Chumbe na Mafia, utalii huo ndio unaowalipa manahodha, waongozaji, wapishi na walinzi wa hifadhi. Ndio pia mojawapo ya vitu vinavyoichakaza miamba hiyo.

Tumbawe hujengwa na wanyama wadogo waitwao polipi, jamaa za yavuyavu, ambao kila mmoja hujitengenezea kikombe cha chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaowapa sehemu kubwa ya chakula chao na rangi yao. Ujenzi huo ni wa polepole. Matumbawe ya bonge hukua kwa takriban sentimita 1 kwa mwaka, na mengi hayafiki hapo. Bonge lenye kimo cha mita moja laweza kuwa limeanza kukua kabla ya Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia. Yale ya matawi hukua haraka zaidi, na ndiyo yanayovunjika upesi.

Madhara ya moja kwa moja

Nanga ndiyo adui anayeonekana kwa urahisi. Boti ikitupa nanga juu ya matumbawe, chuma huvunja kinapotua, upepo unapoigeuza boti mnyororo husaga, na nanga huvunja tena inapong'olewa. Dawa yake inajulikana: maboya ya kudumu ambayo boti hufungwa kwayo bila kutupa nanga. Tatizo ni kwamba maboya huhitaji kukaguliwa na kubadilishwa kamba, na katika sehemu zenye msongamano kama Mnemba, kaskazini-mashariki mwa Unguja, boti zinazofika asubuhi moja zaweza kuwa nyingi kuliko maboya yaliyopo.

Kisha kuna miguu. Muogeleaji asiyejiamini hutafuta mahali pa kusimama, na mahali hapo huwa juu ya tumbawe. Mapezi ya miguuni hupiga matawi au kutimua mchanga unaoyafunika. Wenyeji nao wametembea juu ya mwamba tangu zamani, maji yakipwa, wakitafuta pweza, na haitakuwa haki kusema mguu wa mgeni pekee ndio unaovunja. Lakini wageni huletwa kwa makundi, siku baada ya siku, mahali pale pale. Katika Bahari ya Shamu, watafiti Julie Hawkins na Callum Roberts walikadiria miaka ya 1990 kwamba eneo moja laweza kuhimili mizamio 5,000 hadi 6,000 kwa mwaka kabla uharibifu haujaanza kuonekana waziwazi.

Utafiti mwingine, uliofanywa Saint Lucia katika Karibi na kuchapishwa mwaka 2004, una funzo ambalo kampuni nyingi za boti bado hazijalizingatia. Wazamiaji wenye kamera waligusa mwamba zaidi ya wenzao. Maelezo mafupi yaliyotolewa kabla ya kuzama hayakubadilisha tabia yao. Kilichofaa ni mwongozaji aliyekuwa majini pamoja nao na kumrekebisha papo hapo kila aliyegusa. Kwa hiyo bango lililopigiliwa ukutani hotelini, hata likiwa na picha nzuri, halitoshi.

Mengine huonekana kama mchezo tu. Katika mafungu ya mchanga, viti vya pweza huinuliwa hewani ili vipigwe picha, ilhali wanyama hao hupata oksijeni kutoka kwenye maji. Samaki hurushiwa mkate, na waliozoea kulishwa huiacha kazi yao ya kula mwani unaoshindana na matumbawe. Makombe huuzwa ufukweni kama kumbukumbu, yakiwamo yale makubwa yapulizwayo kama baragumu. Konokono mwenye kombe hilo ni miongoni mwa wachache wanaowala viti vya pweza vya miiba, ambavyo navyo hula matumbawe.

Madhara ya nchi kavu na ya joto

Hoteli huweza kuudhuru mwamba bila mgeni hata mmoja kuingia majini. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania imekaa juu ya jiwe la matumbawe ya kale, lenye matundu mengi. Majitaka yanayomwagwa kwenye shimo la kawaida hupenya na kufika baharini, yakibeba mbolea inayostawisha mwani. Jikoni nako, mahitaji ya kamba, chewa na pweza huongeza uvuvi juu ya miamba ile ile. Pono, akiwa ni mla mwani, ana faida kubwa zaidi akiwa hai.

Mafuta ya kujikinga na jua yamezungumzwa sana kuwa hudhuru matumbawe. Palau ilipiga marufuku yale yenye kemikali kadhaa tangu Januari 2020, na Hawaii ikazuia uuzaji wa yale yenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia Januari 2021. Tahadhari hiyo ni njema, ingawa imepewa uzito zaidi kuliko majitaka, ambayo hayauzwi dukani na hayana tangazo. Fulana ya mikono mirefu hulikata shauri lote.

Muuaji mkubwa kuliko wote ni joto. Maji yakizidi kupata joto, polipi huufukuza mwani wake na tumbawe hubaki jeupe. Hali ikiendelea, hufa. Mwaka 1998 joto liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, na weupe mkubwa ukarudi mwaka 2016 na 2024. Bahari yetu hufikia kilele cha joto karibu na Machi na Aprili, mwishoni mwa kaskazi, baada tu ya miezi ambayo maji hutulia na wageni hufurika. Mwamba huingia kwenye jaribio hilo ukiwa tayari umechoshwa na nanga na miguu. Ndege iliyomleta mgeni nayo imechangia joto hilo.

Utalii unaolipia ulinzi

Kenya ilitenga hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968. Tanzania Bara ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995. Mfano ulio wazi zaidi wa utalii kulipia ulinzi ni Chumbe, kisiwa kidogo jirani na Mji wa Zanzibar, ambacho mwamba wake ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Waliokuwa wavuvi walifundishwa kuwa walinzi, vibanda 7 vya wageni hutumia maji ya mvua na umeme wa jua, na vyoo havitoi majitaka. Kuzamia kwa mitungi hakuruhusiwi. Fedha za wageni ndizo zinazogharimia doria na ziara za wanafunzi wa Zanzibar, na aina zaidi ya 400 za samaki zimeorodheshwa hapo. Ni kisiwa cha wachache, na gharama yake si ya kila mtu. Hilo lazima lisemwe.

Kwingine imebidi kufunga mlango. Ghuba ya Maya nchini Thailand, iliyokuwa ikipokea hadi watu 5,000 kwa siku, ilifungwa mwaka 2018 na kufunguliwa tena Januari 2022, safari hii boti zikishushia abiria upande wa nyuma wa kisiwa ilipo ghuba hiyo.

Msafiri afanye nini

Uamuzi wake mzito zaidi hufanyika akiwa bado nchi kavu, anapochagua boti. Aulize kama nahodha hufunga kwenye boya, kama mwongozaji huingia majini na kundi, na kundi ni la watu wangapi. Asiyeweza kuogelea vizuri ajizoeze kwanza kwenye mchanga, au avae jaketi la kuelea, ili asitafute pa kukanyaga. Majini asiguse, asilishe, asiinue kitu. Ufukweni asinunue kombe wala kipande cha tumbawe. Matumbawe magumu yamo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, na yaweza kumtia matatani forodhani. Hotelini aulize majitaka yanakwenda wapi.

Na adai risiti ya ada ya hifadhi. Nahodha anayekwepa ada hiyo anawanyima walinzi mafuta ya boti ya doria, na mgeni anayenyamaza ili apunguziwe bei amemsaidia.