Huntha, kromosomu na mita 800: historia ya kumpima mwanamke



Katika mabishano haya ya jinsi na jinsia naona kila mtu anakimbilia mwisho. Huyu anasema mume ni mume na mke ni mke, kwisha. Yule anasema mtu ni vile anavyojiona mwenyewe, kwisha. Mie nataka turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna mahala ambapo swali hili limeulizwa kwa karibu miaka tisini, si kwa maneno tu bali kwa vipimo na kwa saa mkononi. Mahala penyewe ni uwanja wa riadha, na katika miaka ya karibuni waliobeba mzigo wa majibu wengi wao ni mabinti wa Afrika, wakiwemo wa Kenya, Uganda na Burundi.

Kwanza tuweke sawa maneno yetu, maana hapa ndipo watu wanapotezana. Kiswahili kina huntha na kina hanithi, na si kitu kimoja. Huntha ni wa maumbile: mtu aliyezaliwa na mwili ambao haukubainika kuwa wa kike au wa kiume. Hanithi ni wa mwenendo, na mitaani limeshakuwa tusi. Wanavyuoni walitenganisha mambo haya zamani sana. Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho pwani yetu imekisomesha kwa vizazi, inazungumza juu ya huntha mushkil, yule ambaye dalili zake zinagongana. Wakaangalia njia ya mkojo, wakaangalia dalili za balehe, na zikikosekana zote, kwa madhehebu yetu ya Shafi katika mirathi alipewa fungu lile la yakini na lenye shaka likawekwa kando mpaka hali ibainike. Katika sala akasimama nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake.

Kinachonivutia mie ni kwamba fakihi hakutaka kumaliza swali la "huyu ni nani khasa?" kabla ya kutoa hukumu. Aliuliza: katika jambo hili lililo mbele yetu, tumfanyie nini bila ya kumdhulumu yeye wala mwengine? Wakubwa wa michezo wa karne ya 20 walitaka kinyume chake. Walitaka kipimo kimoja kitakachosema kila kitu.

Tuanze Berlin, 1936. Mmarekani Helen Stephens alimshinda Stella Walsh wa Poland katika mita 100, na papo hapo zikazuka tuhuma kwamba Stephens ni mwanamume. Maofisa wakamkagua, wakasema ni mwanamke. Miaka 44 baadaye, mwaka 1980, Walsh aliuawa na majambazi mjini Cleveland, na daktari aliyemchunguza maiti akakuta kwamba aliyekuwa na maumbile ya mchanganyiko ni Walsh, aliyeshinda dhahabu Los Angeles mwaka 1932 na kuishi maisha yake yote kama mwanamke. Hata mwaka ule, basi, macho na tuhuma havikumjua wa kumshuku.

Mwaka 1966 kule Budapest, katika mashindano ya Ulaya, wanawake walipitishwa uchi mbele ya jopo la madaktari. Katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kingston mwaka huohuo walikaguliwa sehemu za siri. Yalizuka malalamiko, na kwa haki kabisa. Basi wakubwa wakasema: sayansi itatusitiri. Sayansi yenyewe ilitoka kwa Murray Barr wa Kanada, ambaye mwaka 1949, pamoja na mwanafunzi wake, alikuwa anachunguza seli za neva za paka akaona kwamba za majike zina doa jeusi ambalo za madume hazina. Doa lile ni kromosomu ya X moja kati ya mbili, iliyojikunja na kunyamaza. Ukikwangua ndani ya shavu la mtu unaweza kuliona kwa darubini. Rahisi, safi, hakuna kuvua nguo.

Lakini angalieni kipimo hiki kinahesabu nini. Tangu 1959 ilishajulikana kwamba wapo wanaume wenye XXY na wapo wanawake wenye X moja tu. Mwanamume wa XXY analo lile doa, kwa hiyo angepita kama mwanamke. Mwanamke wa X moja hana, kwa hiyo angeanguka. Hata hivyo kipimo kiliingia Olimpiki mwaka 1968. Mwaka mmoja kabla, Ewa Kłobukowska wa Poland, ambaye Budapest alikaguliwa kwa macho akapita, alikaguliwa kromosomu Kiev akaanguka. Mwili ni uleule, majibu mawili. Rikodi zake zikafutwa.

Anayestahili kukumbukwa zaidi ni Mhispania María José Martínez-Patiño, mkimbiaji wa kuruka viunzi. Mwaka 1985 alikwenda Kobe, Japani, akasahau nyumbani cheti chake cha uanamke (ndiyo, vilikuwepo vyeti!). Akapimwa upya, akakutwa na XY. Mwili wake una korodani ndani ya tumbo na zinatoa testosteroni, lakini seli zake haziisikii homoni hiyo hata chembe. Kwa upande wa misuli, basi, alikuwa na faida ndogo kuliko mwanamke yeyote wa kawaida, ambaye mwili wake husikia angalau kidogo. Akashauriwa ajifanye kaumia na aondoke kimya. Akakataa, akashindana nchini kwake mwaka 1986, habari zikavuja magazetini. Alipoteza rikodi, ufadhili wa masomo, makazi na mchumba. Mtaalamu wa jenetiki wa Finland, Albert de la Chapelle, alimsimamia, na mwaka 1988 akarejeshewa haki ya kukimbia. Baadaye yeye mwenyewe akawa msomi wa mambo haya.

Mwaka 1990 ikagunduliwa mjini London jeni ya SRY, inayoanzisha ujenzi wa korodani tumboni mwa mama, na mara Olimpiki ikaichukua. Atlanta 1996 walipimwa wanawake 3,387. Wanane walikutwa nayo, na wote wanane waliruhusiwa kushindana. Ikaonekana ni kazi bure. Mwaka 1999 Kamati ya Olimpiki ikaacha kuwapima wote, na Shirikisho la Riadha lilishaacha tangu 1992. Kilichobaki ni kupimwa kwa anayeshukiwa. Na nani hushukiwa? Yule ambaye sura yake haifanani na kile ambacho wengine wanakiita kike.

Hapo ndipo anapoingia Caster Semenya wa Afrika Kusini, Berlin tena, Agosti 2009, umri miaka 18, mita 800 kwa dakika 1:55.45. Kabla hata ya fainali dunia nzima ilishaambiwa kwamba anachunguzwa. Mwaka 2011 zikaja kanuni mpya za kiwango cha testosteroni, na mwaka 2013 madaktari wakaandika katika jarida kuhusu wasichana wanne wa miaka 18 hadi 21, kutoka vijijini na milimani katika nchi zinazoendelea, waliopasuliwa Ufaransa. Walitolewa korodani zilizo ndani ya mwili na wakapunguzwa kisimi, jambo ambalo halina uhusiano wowote na kasi ya miguu. Majina hayakutajwa. Lakini mwaka 2019 Mganda Annet Negesa, mshindi wa mita 800 Maputo mwaka 2011, alijitokeza mwenyewe kwenye televisheni ya Ujerumani akaeleza kwamba alizuiwa kwenda Olimpiki ya London, akafanyiwa upasuaji Novemba 2012 bila ya kuelezwa sawasawa anafanyiwa nini, na mwili wake haukurudi ulivyokuwa. Shirikisho lilikana kuhusika na upasuaji huo. Negesa alipewa hifadhi Ujerumani.

Fainali ya Rio 2016: Semenya wa kwanza, Francine Niyonsaba wa Burundi wa pili, Margaret Wambui wa Kenya wa tatu. Wote watatu kanuni za 2018 ziliwagusa: ama ushushe testosteroni kwa dawa chini ya nanomoli 5 kwa lita, ama uache mbio za kuanzia mita 400 hadi maili. Niyonsaba akahamia mbio ndefu, akawa wa tano katika mita 10,000 Tokyo, na Septemba 2021 akaweka rikodi ya dunia ya mita 2,000. Wambui akasimama.

Sasa, tuwe waadilifu. Wasimamizi wa riadha hawakubuni tatizo lisilokuwepo. Rikodi ya mita 800 ya wanaume ni 1:40.91, ya David Rudisha wa Kenya. Ya wanawake ni 1:53.28 na imekaa tangu 1983. Tofauti ni kama asilimia 12, na sehemu kubwa inatokana na balehe ya testosteroni. Bila ya mlango unaotenganisha, hakuna mwanamke hata mmoja angefika fainali. Anayesema mlango wenyewe ni dhuluma simwelewi. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo mwaka 2019, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ilisema waziwazi kwamba kanuni zinabagua lakini ni za lazima. Ni hukumu ngumu, ila angalau haikuficha neno. Julai 2025 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema Semenya hakusikilizwa kwa haki nchini Uswisi. Haikusema kanuni ni batili.

Kinachonikera ni kuchanganya watu. Machi 2023 Shirikisho liliwafungia mlango wanawake waliobadili jinsia baada ya balehe ya kiume, huku likikiri kwamba kwa wakati huo hakukuwa na hata mmoja aliyeshindana kimataifa. Siku ileile likawashushia wenzake Semenya kiwango hadi 2.5 katika mbio zote. Magazeti yakaandika habari moja. Lakini binti aliyepokewa na mkunga akaitwa msichana, akalelewa msichana, hajadai utambulisho wowote mpya. Hilo ni suala la huntha. La mwengine ni suala la nafsi na namna mtu anavyojijua, nalo lina hoja zake na watu wake.

Tangu tarehe 1 Septemba 2025 tumerudi kwenye SRY: kila mwanamke anayetaka kushindana mashindano ya dunia apimwe mara moja maishani, kwa ute wa shavuni au damu. Andrew Sinclair, mmoja wa waliogundua jeni hiyo, ameandika kwamba haifai kwa kazi hii, kwani inaonyesha kuwa jeni ipo tu, si kama inafanya kazi wala kama mwili unaisikia homoni. Na Ufaransa, kulekule walikopasuliwa wale wanne, sheria hairuhusu kipimo hiki, ikabidi wanariadha wake wapimwe nje.

Ulaya kijana mwenye majibu ya kushangaza anaweza kukaa na daktari wa jenetiki akaelezwa. Binti wa kijijini Burundi au Uganda, aliyekwenda kutoa ute ili apate nafasi ya kusafiri, je, nani atamsomea karatasi ile, kwa lugha gani, na nani mwengine atakuwa chumbani?