Meli ya Liemba na Faida ya Kusema Kosa Mapema

Somo letu la leo lahusu Liemba, meli ambayo watu wa Kigoma na Ujiji wameizoea kama mtu aizoeavyo nyumba ya jirani. Leo tutaitazama kwa swali moja tu: kazi ya mikono mingi yapataje kuwa nzuri na ya kudumu?

Meli hii iliundwa mjini Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikapewa jina la Graf von Goetzen, aliyekuwa gavana wa Wajerumani katika nchi hii. Kwanza mafundi waliiunganisha kwa bolti, wakaona kama kila kipande chakaa mahali pake. Kisha wakaifungua, wakaifunga katika makasha kama 5,000. Makasha yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka huko kwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma Februari 1914.

Tafadhali liangalie jambo hili vizuri. Mafundi wale waliyatafuta makosa kwa makusudi kabla ya safari. Tundu lisilolingana likigunduliwa kiwandani hutengenezwa mara moja. Likigunduliwa Kigoma, kiwanda kiko ng'ambo ya bahari.

Wajerumani watatu walitumwa kuiunganisha tena: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Pamoja nao walifanya kazi Wahindi na Waafrika wengi. Vitabu hutaja majina ya wale watatu, lakini watatu hawaundi meli yenye urefu wa mita kama 70. Fikiri juu ya ribiti moja tu. Mtu mmoja huichoma motoni mpaka iwe nyekundu. Mwingine huichukua upesi na kuitia tunduni. Wa tatu huikaza kwa chuma kizito upande huu, na wa nne huigonga kwa nyundo upande wa pili. Ikipoa hujikunja, na mabati mawili hushikamana. Lakini ikiwa imepoa kabla ya kugongwa, haishiki barabara. Nani atakayejua? Ni yule aliyeishika. Akinyamaza kwa kuogopa kukemewa, maji ya ziwa hayatanyamaza.

Sitakwambia kuwa siku zile kila mtu alisema kwa uhuru. Kiboko kilikuwa chombo cha utawala wa Wajerumani, na kuanzia Agosti 1914 kazi ile ilikuwa kazi ya vita. Kiboko chaweza kuuharakisha mkono, lakini hakiwezi kuufungua mdomo. Ndiyo maana kazi ya namna ile huhitaji mkaguzi wa kugonga kila ribiti na kusikiliza mlio wake.

Meli ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiuacha mji wa Kigoma, waliizamisha wenyewe. Mafundi wakazipaka mashine mafuta mazito ili zisiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakaona mashine zingali zafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka mingi baadaye, mwaka 1997, ilirudisha maelfu ya wakimbizi makwao Kongo. Na mwaka 2015 ilichukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Basi aliyezipaka mafuta zile mashine aliwatendea wema watu asiowajua.

Sasa twende ziwa jingine. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa. Ilikuwa na nafasi ya abiria 430 tu. Kuhesabu watu si elimu ya chuo kikuu. Lakini kuona hatari ni jambo moja. Kuwa na haki ya kusema "meli isiondoke", na kusikilizwa, ni jambo jingine.

Bibi Amy Edmondson, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichunguza wauguzi katika hospitali, akatoa habari zake mwaka 1996. Alitazamia kuwa kundi linaloshirikiana vizuri litakuwa na makosa machache. Hesabu ikamwonyesha kinyume! Akachunguza zaidi, akatambua sababu: kundi zuri liliyataja makosa yake, na kundi lenye hofu liliyaficha. Wahenga wetu walikwisha kusema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Siku hizi vijana wetu huunda vyombo visivyoonekana kwa macho, yaani programu za kompyuta na za simu, ambazo kwazo tunatumiana fedha. Huko nako mmoja huandika, na mwenzake husoma kazi ile kutafuta kosa kabla haijafika kwa watu. Kijana mgeni akiogopa kusema, "Mzee, hapa pana kosa," kosa lile litamfikia mama anayengoja fedha za dawa.

Basi wewe mkubwa wa kazi, katika karakana, shamba au ofisi, ukiletewa habari ya kosa, anza na neno "ahsante". Kisha mtengeneze pamoja. Hii si kulea uvivu, mvivu aonywe. Lakini anayesema kweli mapema asiadhibiwe pamoja naye.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu:

1. Kwa nini meli iliunganishwa Papenburg, kisha ikafunguliwa?
2. Katika kazi yako, ni nani aonaye kosa kwanza? Je, ana mahali pa kulisemea?
3. Mara ya mwisho ulipoambiwa kosa lako, ulijibu nini?