Kufinya mstari: namna liste ya telefone inafungua ukurasa, na pahali falanga zinapotelea

Tuseme mama mmoja wa Kambove anatuma dola 20 kwa mtoto wake anayesoma Lubumbashi. Anafungua aplikasyo ya pesa kwenye telefone, anaona liste ya majina, anafinya lile la mtoto. Ukurasa mwingine unafunguka. Anaandika 20, anatia kode ya siri, anangoja. Jioni mtoto anapiga: "Mama, sijaona kitu." Mama anashangaa. Jina alilifinya yeye mwenyewe, kwa kidole chake.

Mambo kama haya yanajulikana kila pahali ambapo pesa inapita kwenye telefone. Watu wanasema ni reso, ao ni wizi. Mara fulani ni kweli. Lakini mara fulani kosa liko kwenye kitu kidogo ambacho hakuna mtu alikifundisha: mstari wa liste, na ukurasa ule unakaa nyuma yake.

Kaye ya butiki

Mwenye butiki anayekopesha watu iko na kaye ya deni. Kwenye ukurasa wa kwanza anaandika majina, moja chini ya lingine, na pembeni ya kila jina anaandika nimero ya ukurasa. Mtu akija kulipa, mwenye butiki anatafuta jina, anasoma "ukurasa 14", anafungua pale. Ukurasa 14 uko na mambo ya mtu yule peke yake: sukari, unga, sabuni, tarehe, kile alilipa, kile kinabakia. Akimaliza anarudi kwenye majina, anangoja mteja mwingine.

Telefone inafanya vilevile. Liste ni ule ukurasa wa majina. Kila mstari unaonyesha kidogo tu: jina, pengine picha, pengine hesabu moja. Ukifinya mstari, telefone inafungua ukurasa wa jambo lile moja na maelezo yake yote. Ndiyo namna mesaje zinapangwa, namna nimero za marafiki zinapangwa, namna WhatsApp inapangwa, na namna historike ya pesa inapangwa. Mtu akishaelewa mpango huu kwenye aplikasyo moja, nyingine hazimsumbui sana.

Tofauti na kaye ni moja, na ni kubwa. Kwenye kaye, ile "14" inaonekana kwa macho. Kwenye telefone, kile kinachounganisha mstari na ukurasa wake kimefichwa. Mtu anaona jina tu, na anaamini.

Kabla ya kioo cha kufinya

Hapa Kongo M-Pesa ya Vodacom ilianza 2012, miaka 5 nyuma ya Kenya, ambako Safaricom iliianzisha 2007. Tangu mwanzo watu wengi wanaitumia bila aplikasyo yoyote, hata kwenye telefone ndogo ya vitufe: wanapiga *1122#, menyu inakuja, wanajibu kwa nimero. Airtel Money na Orange Money nazo ziko na kode zao.

Menyu ile nayo ni liste. Kila nimero ni mstari, na kuandika nimero ni sawa na kuufinya. Lakini kurasa zake hazikai ndani ya telefone, zinatoka kwa reso moja baada ya nyingine, na kila ukurasa hauwezi kupita herufi 182. Ndiyo sababu maneno yake ni mafupi mpaka yanachanganya. Tena reso haingoji: ukikawia kufikiri, mazungumzo yanakatika na unaanza tena kwenye mlango wa kwanza. Anayeharakisha kwa kuogopa kukatwa ndiye anayekosea.

Na kwetu kuko mtego ambao Mkenya hana. Konti za pesa za Kongo ziko mbili, ya dola na ya franka, na menyu inauliza unataka ipi. Mstari huo mmoja unabadilisha maana ya kila kitu kinachofuata. Ukurasa wa kuandika hesabu unafanana kwa dola na kwa franka. Mtu aliyezoea kutuma franka, vidole vyake vinajua njia bila macho, na siku ya kutuma dola vinamchukua kwenye njia ya zamani. Kabla ya kode ya siri, neno la kutafuta kwenye kioo ni USD ao CDF, hata mbele ya kusoma jina.

Sahani juu ya sahani

Telefone za kufinya kwenye kioo zilienea nyuma ya iPhone ya kwanza ya 2007. Mwaka uliofuata, 2008, Apple ilifungua duka lake la aplikasyo, na telefone ya kwanza ya Android ikauzwa mwaka uleule. Kioo kilikuwa kidogo, na hakikuweza kuonyesha liste na maelezo pamoja kama kompyuta inavyofanya. Kwa hiyo wale waliotengeneza walichagua njia ya sahani: liste ni sahani ya chini. Ukifinya mstari, sahani mpya inawekwa juu yake na kuifunika. Ukifinya kitu kingine ndani, inawekwa ya tatu. Ukirudi, inaondolewa ile ya juu tu, na ile ya chini inaonekana tena, pale ulipoiacha.

Kwenye iPhone mshale wa kurudi uko juu kushoto. Kwenye Android, yaani Tecno, Itel, Samsung na nyingine ambazo ziko mingi mikononi mwa watu hapa, kurudi kuko chini ya kioo. Tangu Android 10 ya 2019 mtu anaweza pia kuvuta kidole kutoka ukingoni. Wazee wengi wanavuta bila kutaka, ukurasa unapotea, wanafikiri telefone imeharibika. Haijaharibika. Sahani ya juu imeondoka tu.

Kuko pia alama ndogo ya kuangalia: kimshale kinachoelekea kuume, mwishoni mwa mstari. Kinasema "nyuma yangu kuko ukurasa". Mstari usio na kimshale pengine haufungui kitu, ao unafanya kazi palepale, kama kuwasha na kuzima. Aplikasyo nyingi hazifuati desturi hii vizuri, na hapo mtu anafinya kila kitu kwa kujaribu. Kwenye aplikasyo ya muziki, kujaribu hakuna hasara.

Kurudi si kufuta

Hili ndilo kosa lenye bei kali kuliko yote. Mtu ametia kode ya siri, amethibitisha, halafu anaona amekosea. Anafinya kurudi, mara mbili, mara tatu, mpaka anafika kwenye liste. Ukurasa wa kutuma hauonekani tena, na yeye anatulia: amerudi, basi pesa nayo imerudi.

Pesa haijarudi. Sahani ziko ndani ya telefone, lakini amri ilikwishatoka, iko kwenye kompyuta za kampuni. Kurudi kunabadilisha kile unachokiona tu. Mbele ya kuthibitisha, unaweza kurudi mara unayotaka bila hofu. Nyuma yake, kinachobaki ni kupigia huduma ya wateja mbio, na nimero ya operesyo mkononi, kwa sababu mpokeaji akiisha kutoa pesa kwenye kabine, kazi ya kuirudisha inakuwa ngumu sana.

Kuna ndugu ya kosa hili. Telefone inakawia, kioo hakibadiliki, mtu anafinya mara ya pili. Kwenye liste, kufinya mara mbili kunaweza kufungua ukurasa uleule mara mbili, na itabidi kurudi mara mbili. Ni usumbufu tu. Kwenye kitufe cha kutuma ni jambo lingine kabisa. Aplikasyo iliyotengenezwa vizuri inazima kitufe kile mara moja kikishafinywa. Kama yako haifanyi hivyo, toa kidole, ngoja, na uangalie historike kabla ya kurudia.

Mstari uliosogea

Turudi kwa yule mama. Kwenye aplikasyo yake, liste inapanga juu wale waliotumiwa ao waliotuma karibuni. Alipofungua, mtoto alikuwa mstari wa kwanza. Reso ilikuwa inavuta polepole. Sekunde ileile kidole kilipokuwa kinashuka, habari mpya ikaingia: dada yake wa Likasi alikuwa amemtumia kitu asubuhi. Jina la dada likaruka juu, la mtoto likashuka la pili. Kidole kikafika mahali pa kwanza, pale pale kilipokusudiwa, lakini jina lilikuwa limehama.

Hapa mama angeweza bado kuona kosa, kwa sababu ukurasa uliofunguka uliandika jina la dada. Hakusoma. Aliamini kidole.

Kuna namna mbaya zaidi, ambayo mama hawezi kuiona, na inawahusu vijana wa Likasi na Lubumbashi wanaojifunza kutengeneza aplikasyo. Mtu akifinya mstari, programu inapaswa kuambia ukurasa mpya: fungua habari za nani? Anayeanza kazi anajibu kwa mahali: "fungua wa tatu". Inaonekana sawa, na siku ya kuonyesha mwalimu inafanya kazi. Halafu liste inapangwa upya, ao mtu anatafuta jina na liste inafupika, na "wa tatu" si yule tena. Jina juu la mtu mmoja, nimero chini ya mwingine. Jibu sahihi ni kitambulisho kisichobadilika, kama nimero ya telefone ao nimero ya operesyo. Ni sawa na kaye: mwenye butiki haandiki "mteja wa tatu", anaandika ukurasa 14, na ukurasa 14 unabaki 14 hata majina yakipangwa upya.

Jambo la pili kwa vijana wale: telefone haijengi mistari 1,000 kwa majina 1,000. Inajenga ile michache inayoenea kwenye kioo, na unaposogeza, mstari uliotoka juu unatumiwa tena chini kwa jina lingine. Inaokoa memori na batri, ambayo kobalti yake pengine ilitoka kwenye udongo huuhuu wa Katanga. Lakini mtengenezaji akisahau kufuta habari za zamani, picha ya mtu mmoja inabaki kando ya jina la mwingine. Ukiona picha na jina havipatane, usiendelee na pesa.

Yaya na Yaya 2

Si kila kosa ni la aplikasyo. Watu wengi wako na telefone ya kadi mbili, Vodacom na Airtel, na marafiki wao vilevile. Liste inajaa "Yaya", "Yaya 2", "Yaya Likasi". Majina marefu nayo yanakatwa na nukta tatu: "Mama wa butiki ya karibu na…", na mistari miwili inakuwa mapacha. Dawa ni kuweka neno linalotofautisha mwanzoni, si mwishoni. "Likasi Yaya" haikatwi mahali pabaya.

Na nimero inasema kweli kuliko jina. Jina uliliandika wewe, pengine mwaka wa nyuma, pengine mwenyewe alishabadilisha kadi. Ukurasa wa kuthibitisha ukiwa na nimero, tarakimu nne za mwisho zisomwe kwa sauti. Asiyejua kusoma maneno ya Kifaransa ya aplikasyo, mara nyingi anajua tarakimu vizuri sana. Anaweza kulinda pesa yake kwa tarakimu tu, bila kumpa mtu wa kabine kode yake ya siri, ambayo haipewi mtu yeyote, hata awe mwema namna gani.

Kufungua mstari ili kujua ukweli

Watu wengi wanatumia liste ya historike kwa kuitazama tu, bila kuifinya. Wanaona "20" na saa, wanatosheka. Lakini mstari ni kifupisho. Ndani ya ukurasa wake ndimo mnakaa nimero ya mpokeaji, dola ao franka, ada iliyokatwa, hali ya operesyo, na ile nimero ndefu ya operesyo ambayo huduma ya wateja wataiomba kwanza. Operesyo inayongoja na ile iliyomalizika zinaweza kufanana kwenye liste. Zinatofautiana ndani.

Vilevile kwa mesaje. Wadanganyifu wanajua kuandika mesaje inayofanana na ya kampuni: umepokea dola kadhaa. Kisha wanapiga, wanalia kwamba wamekosea nimero, wanaomba uwarudishie. Mesaje inaweza kuandikwa na yeyote aliye na telefone. Mstari katika historike yako hawawezi kuuandika. Kwa hiyo kabla ya kurudisha hata franka moja, fungua aplikasyo, ivute liste kwenda chini ili ijipange upya (bila reso inaweza kukuonyesha hali ya jana), tafuta mstari ule, uufinye. Kama haupo, pesa haikuingia. Wasio na aplikasyo waulize salio kwa kode, si kwa mesaje.

Yule mama, jioni ile, alifungua historike pamoja na kijana wa jirani na akafinya mstari wa juu. Nimero ilianza na 099. Ya mtoto inaanza na 081. Akapigia dada yake wa Likasi, ambaye mchana kutwa alikuwa anajiuliza dola 20 ni za nini.